Deni la Shall, Nguvu ya May

Waandishi wa sheria kwa Kiingereza wametegemeza kazi yao juu ya vitenzi viwili pungufu. Shall na may havina kitenzijina. Hakuna "to shall" wala "to may". Havipokei ile s ya nafsi ya tatu umoja, wala havina umbo la kuamuru. Should na might, ambazo kwa asili ni njeo yao iliyopita, zilishahama zamani na sasa zina kazi zake nyingine. Vyenyewe havitendi tendo lolote. Hukaa mbele ya kitenzi kingine na kukipa msimamo. Lakini viondoe kwenye katiba, kwenye mkataba wa pango au kwenye kanuni za bodi ya maji, na kitakachobaki ni orodha ya mambo yasiyo na mwenyewe.

Darasani tulipewa mstari mmoja wa kukariri: shall ni lazima, may ni hiari. Tanzania imeuingiza mstari huo kwenye sheria kabisa. Kifungu cha 53 cha Sheria ya Tafsiri za Sheria, Sura ya 1, kinaeleza kuwa may inapotumika kumpa mtu mamlaka, mwenye mamlaka anaweza kuyatumia au asiyatumie, kwa hiari yake; na shall inapotumika kumpa mtu kazi, kazi hiyo ni lazima ifanyike. Msomaji akifika hapo anaona mambo yamekwisha. Mimi ningemwomba arudie kusoma, kwa sababu kifungu hicho hakizungumzii kila shall inayopita mbele ya macho. Kinaizungumzia shall inayompa mtu kazi. Kabla hujauliza neno lina nguvu kiasi gani, basi, inabidi ujue kiima chake ni nani na kitenzi kinachofuata kinamtaka afanye nini. Nguvu ya shall haikai ndani ya shall, na hilo ndilo ninalotaka kulionyesha.

Asili ya maneno haya inasaidia. Katika Kiingereza cha kale shall ilikuwa sceal, na maana yake kongwe ilikuwa kudaiwa. Ndugu yake wa Kijerumani ni sollen, na katika ukoo huohuo wa Kijerumani kuna Schuld, neno linalobeba deni na hatia kwa pamoja. May ilikuwa mæg, yaani kuwa na nguvu ya kufanya jambo. Might ya leo, ile nomino yenye maana ya nguvu, ni ya ukoo huo. Can zamani ilikuwa kujua. Baadaye can ikachukua uwezo, may ikasogezwa kwenye ruhusa, na walimu wa Kiingereza wakapata mzaha wao wa kumjibu mtoto anayeomba kwenda msalani: kuweza unaweza, lakini je, umeruhusiwa?

Deni lina mdaiwa, nguvu ina mwenye nguvu. Tuliweke hilo pembeni kwanza.

Kuna karne kadhaa za mabishano kuhusu shall na will ambazo nitazipita mbio. Mwaka 1653 John Wallis, mwanahisabati aliyeandika sarufi ya Kiingereza kwa Kilatini, aliweka kanuni kwamba katika nafsi ya kwanza shall hutabiri tu na will huahidi au kutishia. Katika nafsi ya pili na ya tatu mambo hugeuka. Vizazi vya wanafunzi viliikariri kanuni hiyo na vizazi vya wasemaji vikaipuuza. Leo mahali ambapo shall bado ina uhai mdomoni mwa Mwingereza ni kwenye swali: "Shall I open the window?" Sisi hapo hatuhitaji neno lolote la ziada, tunageuza irabu ya mwisho na kusema "Nifungue dirisha?" Na kwa "May I come in?" tuna Hodi, ambayo haina hata kitenzi. Hata hivyo Wallis aliona jambo moja la kweli: maana ya neno hili ilikuwa ikibadilika kwa kufuata nafsi. Sheria haisemi mimi, wala haisemi wewe. Inamsema mtu wa tatu, na kwa mtu wa tatu shall ni matakwa ya anayesema, hata kama msikilizaji anaisikia kama habari ya kesho.

Tuchukue kanuni za bodi ya maji nilizozibuni mwenyewe, tuzisome neno kwa neno. Ya kwanza inasema "The Board shall keep a register". Kiima ni Bodi, na Bodi inaweza kudaiwa. Ondoa shall, weka "ina wajibu wa", na sentensi inasimama vizuri: Bodi ina wajibu wa kutunza daftari. Ya pili inasema "The register shall be kept at the office". Sasa kiima ni daftari, na daftari halidaiwi kitu na mtu yeyote. Wajibu upo, ila mdaiwa amepotelea ndani ya kauli ya kutendwa. Siku daftari likikosekana, kila mtu ofisini atamtazama mwenzake. Ya tatu inasema kwamba mjumbe akikosa mikutano mitatu "shall lose his seat". Jaribu kusema mjumbe ana wajibu wa kupoteza kiti chake. Haiwezekani, mjumbe hapotezi, anapotezewa, na shall imetumika kutangaza tokeo. Ya nne ni fupi kuliko zote: "There shall be a Board". Hapa there si mtu wala kitu, ni kijazio cha nafasi ya kiima. Hakuna anayeamriwa kuiunda Bodi. Sentensi inaiunda kwa kule kutamkwa kwake tu, na ukiuliza nani amevunja sheria siku Bodi isipokuwapo, sarufi haina jibu la kukupa.

Neno ni lilelile, kazi ni nne tofauti, na kati ya hizo ni moja tu ambayo mstari wa darasani unaieleza sawasawa. Mwanasheria wa Kiingereza George Coode aliligusa tatizo hili katika miaka ya 1840, alipoipasua sentensi ya sheria vipande vipande na kusisitiza kwamba sheria husema wakati wote inapokuwa hai, kwa hiyo shall yake isichukuliwe kuwa njeo ijayo. Waandishi wengi wa sheria walimsoma, wakamsifu, wakaendelea kuandika walivyozoea.

Mtego mkubwa zaidi ni pale maneno haya mawili yanapokaa katika kirai kimoja na moja likavaa nguo za jingine. Kuna kirai cha zamani kilichopendwa sana na Bunge la Uingereza: "it shall be lawful for". Shall ipo, inaonekana kwa macho. Lakini kiima ni it, na it haina mwili. Kinachoamriwa ni uhalali wa tendo. Tendo lenyewe halijaamriwa. Sheria ya mwaka 1840 kuhusu nidhamu ya makasisi wa Kanisa la Uingereza ilitumia kirai hicho kumhusu askofu: kasisi akituhumiwa, it shall be lawful kwa askofu kuunda tume ya watu watano ya kuchunguza, ama kwa ombi la mlalamikaji, ama kwa kujiamulia mwenyewe. Dakta Julius, muumini wa kawaida, alimlalamikia kasisi wake kuhusu namna alivyoendesha ibada. Askofu wa Oxford akakataa kuunda tume. Je, alikuwa na deni?

Mahakama ya kwanza ilisema ndiyo, ikamwamuru. Mahakama ya Rufani ikasema hapana. Mwaka 1880 shauri likafika kwenye Baraza la Malodi, lililokuwa ndiyo mahakama ya juu kabisa, nalo likamuunga mkono askofu. Lodi Cairns alieleza kwamba kirai hicho hufanya jambo liwezekane kisheria pale ambapo bila hicho lisingewezekana. Kinampa mtu uwezo, basi. Ukiisoma kwa jicho la asili ya maneno, hukumu ile ilikuwa inasema kwamba shall ya sentensi hii ni may, nguvu bila deni. Ila Cairns hakuishia hapo, na nusu ya pili ya hoja yake ndiyo inayonivutia zaidi. Alisema uwezo aliopewa mtu unaweza kuambatana na wajibu wa kuutumia, kutokana na asili ya jambo, lengo lake, na hali ya watu ambao uwezo huo umetolewa kwa faida yao. Lakini wajibu huo utafutwe huko, kwenye mazingira, usitafutwe ndani ya neno. Kwa maneno mengine may nayo inaweza kugeuka deni bila herufi yake hata moja kubadilika.

May ina matatizo yake mengine, na mengi hujitokeza inapokanushwa. Yenyewe ina angalau maana tatu: ruhusa, mamlaka, na uwezekano, ile ambayo sisi huipa huenda. Kwenye sheria mtu hutegemea mbili za kwanza, ya tatu hupenya kimyakimya. Sasa soma "The Board may not extend the period". Ukanushi umeangukia wapi? Ukiangukia ruhusa, Bodi imekatazwa kuongeza muda. Ukiangukia tendo, Bodi imeruhusiwa kutoongeza. Hizo ni habari mbili zinazopingana, na zimeandikwa kwa herufi zilezile. Wanasheria wengi watakwambia hakuna mwenye akili anayechanganyikiwa hapo. Nimeona watu wenye akili wakichanganyikiwa hapo.

Shall nayo ikikanushwa kwa kupitia kiima huleta kituko. Bango la bwawa la ile bodi yetu lingeandikwa "No person shall fish in the dam". Kwa kipimo chetu cha wajibu, maana yake ni kwamba hakuna mtu mwenye wajibu wa kuvua samaki bwawani, jambo ambalo ni kweli kwa mabwawa yote ya duniani. Sentensi yenye mantiki ingekuwa "No person may fish", hakuna mwenye ruhusa. Hakuna mvuvi atakayeshinda kesi kwa hoja hiyo, na mimi simshauri ajaribu. Lakini inaonyesha kwamba wasomaji wa shall wamekuwa wakijaza wenyewe kile ambacho sentensi haikusema.

Mahakama nazo zimekuwa zikijaza, na wakati mwingine zikipunguza. Mnamo Juni 1999, katika mji wa Castle Rock, Colorado, mwanamume aliyewekewa amri ya mahakama asiisogelee familia yake aliwachukua mabinti zake watatu. Mama yao aliwapigia polisi tena na tena usiku ule. Mabinti wote watatu waliuawa. Sheria ya Colorado ilikuwa imejaa shall: polisi shall kutumia kila njia ya busara kuitekeleza amri ya namna hiyo, na shall kumkamata anayeivunja au, ikishindikana, kuomba hati ya kumkamata. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 7 dhidi ya 2, iliamua kwamba shall hizo hazikumpa mama yule haki ya kudai utekelezaji. Jaji Scalia aliandika kwamba desturi ya polisi kutumia hiari yao ni ya muda mrefu, na imeishi sambamba na sheria nyingi zinazoonekana kuwa za lazima. Ili lazima iwe lazima kweli, ilihitajika ishara yenye nguvu zaidi. Hukumu hiyo inauma, na sidhani kwamba ilikuwa ndiyo njia pekee ya kuisoma sheria ile. Hata hivyo, mtu anayesoma umbo la sentensi atakiri kuwa ilikuwa na mwanya: kumkamata, au kuomba hati, au kwa jumla kutumia kila njia ya busara. Mdaiwa alitajwa waziwazi. Anachodaiwa kikaachwa na matawi matatu.

Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikabiliana na jambo la jamii hiyo katika Rufaa ya Jinai Namba 118 ya mwaka 2006. Pamoja na kifungu cha 53 kusema kinavyosema, mahakama ilishikilia kwamba shall iliyomo katika Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai si ya lazima moja kwa moja. Inasomwa pamoja na kifungu cha 388 cha sheria hiyo, ambacho hakiruhusu hukumu itenguliwe kwa sababu ya kasoro ya utaratibu isipokuwa kasoro hiyo imesababisha haki isitendeke. Hapo uzito wa shall umepimwa kwa sentensi nyingine iliyoko kurasa nyingi mbele.

Lakini kama ningetakiwa kuchagua andiko moja la kufundishia somo hili, ningechagua ibara ya 261 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010. Inahusu sheria ambazo Bunge lilitakiwa kuzitunga ndani ya muda uliopangwa, na vitenzi vyake vimepangwa kama ngazi. Bunge, shall: litunge. Likishindwa, mtu yeyote, may: aende Mahakama Kuu. Mahakama Kuu, may: itoe tamko na kulipelekea Bunge amri. Bunge likishindwa tena, Jaji Mkuu, shall: amshauri Rais alivunje. Na Rais, shall: alivunje.

Angalia kitenzi cha Jaji Mkuu. Ni kushauri, na kwa kawaida ushauri humwachia anayeshauriwa nafasi ya kuukataa. Sentensi haikumwachia, mara tu baada ya ushauri inafuata shall ya pili, na nafasi ile imefungwa. Mpaka hapo mwandishi amefanya kazi nzuri. Sasa angalia kinachokosekana. Kila wajibu wa Bunge umefuatiwa na "likishindwa", ngazi ya kushukia. Baada ya shall ya Rais hakuna "akishindwa". Hakuna hata siku zilizotajwa. Tarehe 21 Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga aliulipa upande wake wa deni: alimshauri Rais Uhuru Kenyatta alivunje Bunge kwa kushindwa kutunga sheria ya kuhakikisha kwamba jinsia moja haizidi theluthi mbili. Siku chache baadaye Mahakama Kuu ikasimamisha utekelezaji wa ushauri huo. Bunge likaendelea mpaka uchaguzi wa Agosti 2022. Sisemi sarufi ndiyo iliyoliokoa. Siasa ilikuwa na mkono mrefu. Nasema tu kwamba shall iliyokuwa na kiima kilicho wazi kuliko zote, Rais mwenyewe, ndiyo iliyoachwa bila sentensi ya kuifuata.

Wapo waliochoka na neno hili wakalifukuza. Katiba ya Afrika Kusini ya mwaka 1996 iliweka must pale ambapo katiba ya mpito ya 1993 iliweka shall. Marekani, kanuni za shirikisho za mashauri ya madai zilipoandikwa upya mwaka 2007, shall ziliondolewa. Katika Kanuni ya 56, inayohusu hukumu ya haraka bila kusikiliza ushahidi mahakamani, mahali pake ikawekwa should. Kumbe kwa miongo majaji walikuwa wameizoea shall ile kwa kipimo chao cha katikati, kizito kuliko should na chepesi kuliko must. Mwaka 2010 ikabidi irudishwe, na kamati iliyoirudisha ikaeleza kuwa kuiondoa kulikuwa kumeleta hatari ya kubadilisha kipimo chenyewe cha hukumu. Utata wake ulikuwa umegeuka kuwa maana yake. Kwa upande wangu naipenda must kwenye kanuni mpya, ambako hakuna mazoea ya kuvuruga, na nisingethubutu kuigusa shall iliyokwisha kutafsiriwa na mahakama.

Tanzania ilipobadilisha sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, mzigo huu uliwaangukia wafasiri wetu. Njia iliyozoeleka ya kuibeba shall ni kiambishi -ta-, na kwa sentensi za kuunda kitu haina ubaya. Ibara ya 33 ya Katiba ya mwaka 1977 inaanza na "Kutakuwa na", ambayo kiima chake ni ku- ya mahali tu, haimdai mtu, sawasawa na there ya Kiingereza. Tatizo huanza pale -ta- inapopewa kazi ya deni. "Bodi itatunza daftari" inaweza kusomwa kama ahadi ya meneja kwenye kikao cha mwaka. Hapo ningeandika "Bodi itatakiwa kutunza", au "ni wajibu wa Bodi kutunza", hata kama sentensi inanenepa. Kwa daftari lililokosa mdaiwa, ningemtafuta mdaiwa kabla ya kutafuta neno.

May ni rahisi zaidi, aweza na laweza zimekaa vizuri kwenye Katiba hiyohiyo, mpaka ukutane na may not. Hapo Kiswahili hakina pa kujificha, kwa sababu ukanushi wetu lazima ushike kitenzi kimoja au kingine: ama Bodi haiwezi kuongeza muda, ama Bodi inaweza isiongeze muda. Mfasiri aliyeketi na kanuni zile za bodi ya maji mezani, na tarehe ya kuchapwa imekaribia, hana budi kuinua simu amuulize aliyeziandika alikuwa na maana gani.